Shemeji, Sogea Huko

Kilomita 45 kwa saa si mwendo wa kumtisha mtu aliyekulia Tanga. Sisi tumepanda mabasi ya Mombo kwenda Lushoto, barabara ile iliyojikunja kwenye milima ya Usambara mpaka abiria wa siti ya nyuma anadhani atapeana mkono na dereva kupitia dirishani. Kila kona dereva anapiga honi ili anayeteremka ajue kuna mtu anapanda, kuku wanalalamika chini ya viti, na watu wanaendelea kumenya machungwa yao ya Muheza kana kwamba korongo lile la pembeni ni la ukoo mwingine. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba kuna rolakosta ndogo ya chuma, kimo chake mita 14 tu, mwendo wake haumfikii bodaboda mwenye haraka, na kwamba itakutoa machozi, una haki zote za kucheka.

Watu husifia zile kubwa. Wanasimulia minara, mizunguko ya kichwa chini miguu juu, treni inayoanguka kama inaelekea kuzimu. Mimi nasema zile kubwa zina ustaarabu wake. Zina nafasi ya kutosha, na mwenye nafasi hana sababu ya kukufinya. Kona zao zimeinamishwa vizuri, kwa hiyo nguvu yote inakuingia kupitia makalio, mahali ambapo Mungu aliweka mto. Ile ndogo haina nafasi, kwa hiyo ina hila.

Ulaya wanaziita panya mwitu. Hakuna treni ndefu, ni vigari vya watu wanne wanne vinavyoachiwa kimoja kimoja. Mtindo unaojulikana zaidi ni ule wa kampuni ya Mack ya Waldkirch, kusini mwa Ujerumani, mafundi ambao walianza mwaka 1780 kwa kutengeneza mabehewa ya kuvutwa na farasi. Wao wamekunja mita 370 za reli katika eneo ambalo mwenye nyumba wa Dar es Salaam angelijaza fremu za maduka na bado akalalamika kwamba halimtoshi. Ujanja huo ulirahisishwa na reli za mabomba ya chuma, zile zilizoanza kutumika Disneyland mwaka 1959 kwenye Matterhorn Bobsleds. Mbao hukunjwa kwa taabu. Chuma hukubali chochote fundi atakachotaka, na fundi wa panya mwitu alitaka kona kali, bapa, zisizo na mwinamo hata wa adabu.

Kisha akaongeza uovu mwingine. Magurudumu aliyasogeza nyuma kidogo chini ya gari, ili pua ya gari itangulie. Ukifika kwenye kona, pua inapita ukingo wa reli kabla magurudumu hayajaanza kugeuka. Wewe uliyekaa juu unaona reli imekwisha, gari halijakunja, na mbele kuna hewa ya Ujerumani. Akili inaandika wosia. Halafu gari linageuka ghafla kana kwamba limekumbuka kitu nyumbani.

Haya yote sikuyapata kwa kusimuliwa. Niliyapata nikiwa nimekaa bega kwa bega na shemeji yangu.

Sasa kwa asiyeelewa uzito wa sentensi hiyo, nieleze. Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Mashemeji wadogo ni wa utani: unawatupia neno, wanarudisha, maisha yanaendelea. Kaka mkubwa ni mkwe mdogo. Unampa kiti kizuri, unamwandalia maji ya kunawa, akiita unaitika "abee" na unajifunga kanga vizuri kabla ya kutokea sebuleni. Ana gereji Ngamiani, ndevu zake zina mvi, na mpaka alipokuja Hamburg kututembelea, mimi na yeye tulikuwa hatujawahi kukaribiana kuliko urefu wa meza ya chakula.

Tatizo ni figo zake. Kuna jiwe liliwahi kumlaza hospitali kwa maumivu ambayo yeye mwenyewe huyasimulia kwa kushika meza. Na mimi ni muuguzi, kwa hiyo katika familia hii chai hainywewi bila mtu kunionyesha mguu wake. Jioni moja mazungumzo yakafika kwenye mawe ya figo, nami nikaleta kichekesho cha kazini. Nikawasimulia habari za David Wartinger, profesa wa Michigan State University huko Marekani. Mgonjwa wake alirudi kutoka Disney World ya Florida akidai kwamba amepanda rolakosta iitwayo Big Thunder Mountain Railroad mara tatu mfululizo, na kila mara akashuka na jiwe moja pungufu. Profesa hakumfukuza. Yeye na mwenzake walichapisha figo ya bandia kwa printa ya 3D, wakaitia mawe na mkojo, wakaiweka kwenye begi la mgongoni, wakaipandisha ile rolakosta mara 20. Walipokaa mbele, mawe yalitoka kwa asilimia kama 17. Walipokaa nyuma, asilimia 64. Waliutoa utafiti wao mwaka 2016, na mwaka 2018 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa tafiti zinazoanza kwa kuchekesha na kuishia kufikirisha.

Watu wote walicheka, isipokuwa mmoja. Shemeji aliweka kikombe chini taratibu.

"Siti ya nyuma, umesema?"

Nikamweleza haraka kwamba figo ile ilikuwa ya kutengenezwa, kwamba mawe yenyewe yalikuwa madogo, na kwamba tiba yake yeye inabaki ileile: maji mengi na kumsikiliza daktari wake. Alinisikiliza kwa ule utulivu wa mgonjwa ambaye ameshaamua kwenda kwa mganga mwingine. Akauliza kama Hamburg kuna chombo cha namna hiyo. Binti yangu, ambaye hajafundishwa bado kunyamaza, akasema kipo, tena Dom imefunguliwa. Mume wangu alikumbuka mgongo wake papo hapo, akaushika kwa mikono miwili ili asije akasahaulika.

Hamburger Dom ni maonyesho ya starehe yanayofanyika mara tatu kwa mwaka kwenye uwanja wa Heiligengeistfeld, karibu na uwanja wa mpira wa Millerntor. Kuingia ni bure, unalipia kila chombo unachopanda. Zamani za kale wafanyabiashara na wachekeshaji walikuwa wakijibanza ndani ya kanisa kuu la mji wakikimbia mvua, na ndiko jina lilikotoka. Kanisa lilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 19, vibanda vikatangatanga kwenye viwanja vya mji, na mwaka 1893 vikahamia hapo vilipo sasa. Mvua ilihama navyo. Tulikwenda Jumatano, siku ya familia, kwa sababu bei hupunguzwa siku hiyo na mimi sioni aibu kulisema hilo.

Shemeji aliipita harufu ya soseji kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake, akatua kwenye kibanda cha samaki. Heringi wa siki, vitunguu vibichi, mkate. Akala mmoja, akaagiza mwingine. Nikamkumbusha, kwa sauti ya kazini, kwamba si vizuri kushiba kabla ya kurushwarushwa.

"Shemeji," akanijibu, "dawa haimezwi na njaa."

Juu ya mkate wa pili akashindilia lozi za sukari, moto moto kutoka kwenye sufuria la shaba. Nikanyamaza. Kuna mambo ambayo muuguzi anayaona yanakuja kama mgeni aliyepiga simu kabisa kwamba yuko njiani.

Tulipofika kwenye chombo chenyewe, hakupanga foleni. Alianza ukaguzi. Alizunguka uzio akiwa ameweka mikono mgongoni, akainama, akachungulia chini ya nguzo, kisha akaniita kwa kidole. Chini ya kila mguu wa chuma kulikuwa na vipande vya mbao vilivyopangwa juu kwa juu ili kuweka kitu sawa, maana uwanja hauko bapa.

"Mbao," akasema.

"Ndiyo, shemeji. Kila kinapohamishwa, hupimwa upya na kusawazishwa hivyo."

"Mbao," akarudia, na uso wake ukachanua kabisa. "Miaka yote wazungu wakija gereji kwangu wananisema kwa kuweka mbao chini ya jeki!"

Nilimweleza kwamba Ujerumani mtambo wa kuhamahama kama huu unatembea na kitabu chake cha ukaguzi, na kwamba ukifungwa mahali papya hukaguliwa kabla ya watu kupanda. Hilo halikumgusa sana. Kilichomgusa ni magurudumu. Kigari kimoja kilikuwa kimesimama kituoni, naye akachuchumaa mpaka kijana wa pale akaanza kuwa na wasiwasi. Kulikuwa na magurudumu juu ya reli, mengine ubavuni mwa reli, na mengine chini ya reli, yakiibana kwa chini ili gari lisiruke. Kwa hayo ya chini tumshukuru Mmarekani John Miller, aliyeyapatia hataza mwaka 1919. Kabla yake, kilichokuwa kinalizuia gari lisipae ni uzito wake na dua za abiria.

"Huyu alikuwa fundi," shemeji akatoa hukumu. Kisha akasimama, akajipangusa magoti, akatazama mbele ya gari, akatazama nyuma. "Injini iko wapi?"

"Halina injini. Linavutwa na mnyororo mpaka juu, halafu linaachiwa."

"Usukani?"

"Halina."

"Breki?"

"Breki ziko kwenye reli, shemeji. Gari lenyewe halina."

Akafikiri kwa muda mrefu.

"Basi hili si gari," akasema. "Hili ni toroli."

Lakini alipanda. Wasichana wawili, binti yangu na rafiki yake, walikimbilia siti za mbele, na siti ya nyuma ndiyo iliyokuwa ya matibabu. Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu za adabu. Siti ile ni moja, imegawanywa katikati kwa wazo tu. Nikaweka mkoba wangu kati yetu, mkoba mkubwa wa kazini wenye chupa ya maji na mwavuli, ukawa mpaka wa haki kati ya nchi mbili zenye amani. Shemeji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kijana wa foleni akaja, akaufunga ule mti wa chuma mapajani mwetu, akauona mkoba, akauchukua na kwenda kuuweka rafuni. Akamwonyesha shemeji kofia yake kwa kidole. Kofia ile ya viua, iliyoshonwa kwa miezi, ikavuliwa ikakaliwa.

Mpaka ukawa umeondoka. Kila mmoja wetu akasogea ukingoni kwake, tukabakiza katikati nafasi ya mtoto mchanga.

Mnyororo ukatushika. Ta-ta-ta-ta-ta. Kelele ile ni ya vyuma vinavyodondokea kwenye meno ya reli ili gari lisirudi nyuma mnyororo ukikatika, na nilimweleza shemeji nikidhani namtuliza. Akaniuliza kwa nini ukatike. Tulikuwa tumefika usawa wa ghorofa ya tatu, na mazungumzo ya kiufundi yakafa hapo.

Juu kabisa kuna kipande kifupi ambacho gari linatembea taratibu, kama linakuuliza unataka kwenda wapi. Nikaona uwanja wa Millerntor, nikaona lile jengo nene la saruji la Feldstraße, ngome ya kujikinga na mabomu ya enzi za Vita Kuu ya Pili, ambalo siku hizi limeoteshwa bustani kichwani. Nikawaza kuwa mji huu ni mzuri. Halafu reli ikaisha.

Yaani, ilionekana imekwisha. Pua ya gari ilitoka nje ya dunia, wasichana wakapiga kelele, nami nikavuta hewa ya kutoa shahada. Gari likakata kulia. Sisi tukaendelea kushoto.

Isaac Newton aliliandika jambo hili mwaka 1687: kitu kinachokwenda kitaendelea kwenda kilikokuwa kinakwenda mpaka kizuiwe na kitu kingine. Newton hakuoa, kwa hiyo hakupata nafasi ya kuona kanuni yake ikifanya kazi ndani ya ukoo wa mume. Mimi nilikuwa upande wa kushoto. Kitu kilichokuwa kinaendelea kwenda ni shemeji, mzima, pamoja na heringi wawili. Kitu cha kumzuia ni mimi.

"Samahani sana, shemeji!"

"Hakuna neno, shemeji!"

Akajirudisha kwao kwa heshima. Hakumaliza kujirudisha, kona ya pili ikakata kushoto, na zamu ikawa yangu. Nilimwangukia mkwe wangu yule wa heshima kwa bega, kwa kiwiko na kwa nusu ya mtandio.

"Samahani, shem—"

"Hakuna n—"

Kulia. "Sama—" Kushoto. "Haku—" Kona za panya mwitu zimepangwa kwa zamu hivyo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kila moja inakuja kabla hujamaliza kuomba radhi kwa iliyopita. Madeni ya samahani yalilimbikizana. Kufikia katikati tulikuwa tumeacha maneno, tunagunana tu. Kiuno changu kilikuwa kimejua ukingo wa siti kwa undani, na ubavu wa shemeji ulikuwa unajua kiwiko changu kuliko mume wangu anavyokijua.

Kisha nikamsikia. Kwa sauti ile ya kuita mafundi wake kutoka chini ya lori, kwa Kiswahili safi cha Tanga, juu ya anga ya mtaa ule wa St. Pauli:

"Dereva! Polepole, dereva! Tuna watoto humu!"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini barabara ya Lushoto haijawahi kunitia hofu kama ile. Kwenye basi la Lushoto mtu yupo. Unaweza kumtukana kimoyomoyo au kwa sauti. Unaweza kumtishia trafiki wa Soni. Bibi mmoja atamuuliza kama mama yake anajua anavyoendesha, kondakta atajibu upuuzi, basi zima litamgeukia kondakta, na mpaka mmalize kugombana mmeshafika. Hofu ya abiria wetu hupata pa kwenda. Inageuka lawama, na lawama ni starehe kubwa, hasa ikiwa ya pamoja. Lakini kile kigari hakina wa kulaumiwa. Aliyekitengeneza yuko mbali na analala vizuri. Aliyekiachia ni kijana wa kituoni aliyekwisha geukia abiria wengine. Hata aliyelipa ni wewe mwenyewe. Unakaa na hofu yako yote mikononi, ikiwa ya moto, huna pa kuitua.

Binti yangu aligeuka akacheka mpaka akakohoa. "Ba'mkubwa, hakuna dereva!"

"Basi kondakta!"

Na gari likasimama.

Halikupunguza mwendo, lilisimama, pwa, kama limegonga ukuta. Goti langu lilikutana na bati la mbele, na alama yake niliibeba kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Tulikuwa kwenye ukingo wa mteremko, pua inaning'inia, kimya kimetanda, upepo unatikisa nguzo kidogo.

"Imezima," shemeji akasema, kwa sauti ya mtu aliyelitegemea hilo tangu mwanzo.

Haikuwa imezima. Reli zile zimegawanywa vipandevipande, na kila kipande kinaruhusiwa gari moja tu. Kama walio mbele hawajatoka kwenye kipande chao, breki za kwenye reli zinakukamata na kukushikilia mpaka pawe wazi. Ni mpango wa usalama wa hali ya juu, na kwa mtu mwenye samaki wa siki tumboni ni ukatili. Maana pale kwenye utulivu ndipo mwili unapofanya sensa. Kichwa kipo. Shingo ipo, ingawa inauliza maswali. Tumbo liko njiani. Nilimtazama shemeji usoni, nikaona rangi ambayo nikiiona wodini huwa natafuta beseni.

"Shemeji, vuta pumzi kwa pua."

"Shemeji, mimi nasoma dua. Usinichanganye."

Breki zikatuachia.

Mteremko wa panya mwitu ni mfupi, unaisha kabla hujaamua ulie vipi. Ila kwa sekunde ile moja mti wa chuma uko mapajani, siti iko chini, na wewe uko katikati, hujagusa chochote cha maana. Ndani ya mwili kila kitu kinaelea: tumbo, ini, bandama, vyote vinainuka kama wanafunzi wanaomwona mwalimu mkuu. Masikioni mwetu kuna majimaji yanayotuambia wapi ni juu na wapi ni chini, nayo kwa sekunde hiyo yanatangaza kwamba hayajui. Wanaopenda michezo hii hupanga foleni kwa ajili ya sekunde hiyo tu. Nakiri ni tamu. Ni utamu wa kitu ambacho hukustahili, na mdomo wangu ulitoa kicheko ambacho sikukiagiza.

Pembeni yangu, akielea, macho yamefumba, ndevu zimegeukia juu, shemeji alipaza sauti:

"Ya Rabi, litoke!"

Na mahali fulani kwenye mteremko huo mwanga mkali uliwaka. Nilidhani ni radi ya Hamburg.

Zikaja kona nyingine, za chini, zenye hasira zaidi kwa sababu sasa kasi ipo. Sikuhesabu tena nani yuko juu ya nani. Kisha breki za mwisho zikatukamata, shingo zikaenda mbele peke yake na kurudi. Kuna waliofanya vibaya zaidi: mwaka 1895 huko Coney Island walijenga rolakosta iliyoitwa Flip Flap, yenye mzunguko wa duara kamili, na sifa yake kubwa ikawa kuumiza shingo za abiria. Nilijiliwaza kwa historia hiyo huku nikijikanda.

Mti wa chuma ulipofunguliwa hatukutazamana. Nilivuta mtandio, yeye akachukua kofia yake, akaipiga piga, akaivaa. Tuliteremka ngazi kama watu wanaotoka baharini, miguu ikitafuta nchi kavu. Halafu, kwenye ngazi ya mwisho, alianza kutikisika mabega. Nikadhani samaki wamefika. Kumbe anacheka. Mzee yule wa heshima alicheka mpaka akashika nguzo, ile ile iliyokaa juu ya mbao, na machozi yakaingia kwenye mvi. Nami nikacheka. Wasichana walituona wakasogea mbali kidogo, wakajifanya wamekuja peke yao.

Alipopata pumzi aliuliza msala uko wapi. Akaenda kwa mwendo wa mtu mwenye matumaini. Alikaa. Alirudi, akanong'ona kitaalamu:

"Bado."

"Pole, shemeji."

"Si pole. Yule mgonjwa wa Florida alipanda mara tatu." Alikuwa tayari anapapasa mfukoni.

Kabla sijajibu, niliona wasichana wamekusanyika mbele ya skrini ndogo kando ya njia ya kutokea. Ule mwanga haukuwa radi. Ilikuwa kamera. Pale kwenye skrini, kwa rangi nzuri kabisa, walionekana watoto wawili mbele wameinua mikono kwa raha. Nyuma yao alionekana mwanamume mwenye ndevu, macho yamefumba, mdomo wazi mbinguni. Na mwanamke mwenye meno yote nje alikuwa amemkaba ukosi wa shati kwa mikono miwili.

Shemeji aliitazama picha ile, akatazama ukosi wake, akanitazama mikono. Bila neno akamwendea muuzaji, akataka kuinunua ili isionekane na mtu. Muuzaji, kijana mwema, akampa picha, akamwuliza kwa Kiingereza kama angependa na ya kuning'iniza funguo. Akainunua nayo. Akamwonyesha skrini kwa ishara ya kufuta. Picha ikafutwa, heshima ya ukoo ikarudi mahali pake.

Simu yangu ikalia. Kisha ikalia tena. Binti yangu alikuwa ameshaipiga picha skrini ile kwa simu yake muda mrefu uliopita, na ilikuwa imeshafika kwenye kundi la familia la WhatsApp, Tanga, Mombasa na Muscat. Ujumbe wa kwanza wa sauti ulikuwa wa mama mkwe. Niliufungua mkono ukitetemeka, naye shemeji akainamisha sikio.

"Mkwe wangu, salama huko? Mbona naona umemkaba mwanangu? Kama ni deni, semeni tu, sisi tutachanga."

Shemeji alininyang'anya simu kwa upole. Akasafisha koo, akaweka kofia sawa kana kwamba anaonekana, akabonyeza kitufe.

"Shikamoo mama. Usiwe na wasiwasi, hatugombani. Haya ni matibabu, na huyo anayenikaba ndiye daktari."